Ukiuza turubai, taja gramu

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, tuambizane ukweli. Neno "imara" kwenye tangazo la turubai limeshachuja, maana kila mtu analiandika. Mteja aliyeko Laela au Matai anaona picha tu kwenye simu. Hawezi kulishika. Sasa atajuaje?

Msimamo wangu: ukiuza turubai bila kutaja uzito wake, unauza picha. Kwenye lebo utakuta GSM (siyo ile ya Yanga). Hizo ni gramu kwa kila mita ya mraba. Lebo haipo au huiamini? Weka turubai kwenye mizani. La mita 4 kwa 6 lina mita za mraba 24. Likija kilo 2.4, hilo ni gramu 100. Likija kilo 4.3, ni gramu kama 180.

Halafu muulize mteja anaenda kulifanyia nini. Mchuuzi wa minadani anabeba kibanda chake kwenye bodaboda, leo huku kesho kule. Ukimpa la gramu 200, mzigo utamchosha. Ukimpa la 70, upepo wa uwanda huu wa Ufipa utaanza kulichana kwenye matundu ya kamba. Huyo mpe la 120 hivi. Anayefunika magunia ya mahindi kuanzia mvua za Novemba mpaka Aprili, mwambie bila kumung'unya maneno: 180 hadi 200. Hata maturubai ya UNHCR ya kujengea makazi ya wakimbizi yako kwenye gramu 200 hivi.

Ila gramu peke yake hazitoshi. Kagua pindo, kagua ringi za matundu, ulizia kama lina kinga ya jua. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jua la huku linaila plastiki mpaka inapukutika.

Najua utasema, "Nikitaja gramu, mwenzangu wa bei chee atanichukulia wateja." Kwa wiki mbili tatu, sawa. Lakini mahindi ya mtu yakilowa na kuota ukungu, amepoteza ada ya mtoto na mbolea ya msimu ujao. Na Sumbawanga tunajuana, jina lako litazunguka kwenye magrupu kabla jua halijazama.

Kabla hujaposti leo, pima kwanza. Andika ukubwa, gramu na kazi inayolifaa. Wewe huwa unataja gramu? Tuambie kwenye komenti.