Mara Ngapi? Takwimu za Besiboli na Hatari ya Kuhukumu Mapema

Katika michezo yote ya mpira, ni michache iliyohesabiwa kwa bidii na kwa muda mrefu kama besiboli ya Marekani. Tangu katikati ya karne ya 19, mwandishi wa magazeti Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza, alipoeneza desturi ya kuchapisha jedwali la matokeo ya kila mchezo, matendo ya wachezaji yamekuwa yakiandikwa na kugawanywa kwa hesabu. Katika Afrika Mashariki mchezo huu haujaenea sana, ingawa si mgeni kabisa: mwaka 2012 timu ya watoto wa Lugazi, nchini Uganda, ilishiriki mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania.

Kwa msomaji asiyeufahamu, yafaa kueleza jambo moja la msingi. Mrushaji wa timu moja humrushia mpira mpigaji wa timu nyingine, naye hujaribu kuupiga kwa gongo na kukimbilia kituo cha kwanza kati ya vinne. Akifika salama kwa nguvu ya pigo lake, pigo hilo huhesabiwa kuwa zuri. Idadi ya mapigo mazuri ikigawanywa kwa idadi ya mara alizojaribu kupiga, bila kuhesabu zile alizopewa kituo bure kwa sababu mpira ulirushwa vibaya mara nne, hupatikana wastani wa upigaji. Mpigaji hodari hupata kama 0.300, yaani, hata hodari hushindwa mara saba katika kila kumi.

Kutokana na wingi wa tarakimu hizo ulizuka mchezo mwingine, wa kuchezwa mezani kwa karatasi na kalamu. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na wenzake walianzisha mjini New York ligi ya kubuni, wakaipa jina kutokana na mkahawa walimokutania, La Rotisserie Française. Kila mmoja alijifanya mwenye timu, akachagua wachezaji halisi, na matendo ya wachezaji hao uwanjani yakawa ndiyo maksi zake. Vipimo vilikuwa vinane, vinne vya wapigaji na vinne vya warushaji. Leo ligi za namna hiyo huchezwa na mamilioni ya watu. Na vijana wengi wa Afrika Mashariki hucheza mchezo wa jamii hiyo hiyo kwa kutumia wachezaji wa kandanda wa Ligi Kuu ya Uingereza.

Mwenye timu ya kubuni hana kazi nyingine ila kuamua: amchague nani, amwache nani, ambadilishe nani kwa nani. Wengi hudhani kwamba atakayeshinda ni yule mwenye tarakimu nyingi. Dhana hiyo si sahihi. Tarakimu zinapatikana kwa kila mtu. Kinachowatenganisha waamuzi wazuri na wabaya ni maswali mawili ambayo kila tarakimu yapasa iulizwe kabla ya kuaminiwa. La kwanza: imetokana na mara ngapi? La pili: ni sehemu gani yake iliyo ya mchezaji mwenyewe?

Swali la kwanza lina mfano mashuhuri katika elimu ya takwimu. Mwaka 1975 wanatakwimu Bradley Efron na Carl Morris walichapisha uchambuzi wa wapigaji 18 katika msimu wa 1970. Walichukua matokeo ya mara 45 za mwanzo za kila mpigaji, wakauliza: kutokana na haya pekee, msimu uliobaki utakuwaje? Aliyeongoza alikuwa Roberto Clemente wa Puerto Rico, aliyekuwa na mapigo mazuri 18 kati ya 45, sawa na 0.400. Karibu na mkia wa orodha alikuwa kijana Thurman Munson, aliyekuwa na manane tu, sawa na 0.178. Wastani wa wote 18 ulikuwa 0.265.

Mtu wa kawaida angesema kwamba Clemente ataendelea na 0.400 na Munson ataendelea na 0.178. Mwanahesabu hawezi kukubali haraka hivyo. Tuseme mpigaji ana uwezo halisi wa 0.265. Matokeo yake katika mara 45 yatayumba kwa bahati tu, na kiasi cha kuyumba huko kinaweza kukokotolewa na mwanafunzi yeyote wa sekondari: zidisha 0.265 kwa 0.735, gawanya kwa 45, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni karibu 0.066. Maana yake ni kwamba, kwa takribani mara mbili katika kila tatu, mpigaji huyo mmoja ataonekana popote kati ya 0.199 na 0.331 bila uwezo wake kubadilika hata kidogo. Wakiwapo wapigaji 18, si ajabu mmoja wao kusukumwa na bahati mbali zaidi ya hapo. Mara za kujaribu zikiwa 500 badala ya 45, kiasi cha kuyumba hupungua hadi 0.020.

Kwa hiyo Efron na Morris walitumia kanuni iliyotokana na kazi ya Charles Stein ya mwaka 1956, ambayo yeye na Willard James waliiendeleza mwaka 1961. Kanuni hiyo huyavuta matokeo ya kila mtu kuelekea wastani wa wote, na mvuto huwa mkubwa zaidi pale ushahidi unapokuwa mdogo. Katika mfano huu, ni kama sehemu moja tu kati ya tano ya umbali wa mchezaji kutoka kwenye wastani iliyobakizwa. Clemente alikadiriwa 0.294 badala ya 0.400, na Munson 0.247 badala ya 0.178.

Msimu ulipokwisha, Clemente alikuwa amepiga 0.346 katika mara zake zilizosalia. Munson alipiga 0.316, akatangazwa kuwa mchezaji mpya bora wa mwaka katika American League. Jumla ya makosa ya makadirio, yakipimwa kwa mraba wake, ilikuwa kubwa zaidi ya mara tatu kwa yule aliyeziamini tarakimu za mwanzo kama zilivyo kuliko kwa yule aliyezivuta kuelekea wastani. Mwenye timu ambaye angemtupa Munson baada ya mara 45 angedhani anafuata sayansi, kwa kuwa alikuwa na tarakimu mkononi. Kumbe angekuwa ameifuata bahati iliyovaa nguo za sayansi.

Hata hivyo, mfano huu una fundisho la pili. Clemente aliishinda kanuni: alikadiriwa 0.294 akapata 0.346. Sababu haikufichika. Alikuwa amekwisha kuongoza National League kwa wastani wa upigaji mara nne, miaka ya 1961, 1964, 1965 na 1967. Kanuni ilimvuta kuelekea wastani wa kundi kana kwamba hana historia. Aliyeijua historia hiyo angemvuta kuelekea wastani wake mwenyewe wa miaka mingi. Takwimu, basi, haimwambii mtu asahau anayoyajua. Humwambia ayapime yote aliyonayo, ya zamani na ya sasa, kila moja kwa uzito wake.

Swali la pili linahusu umiliki wa matokeo. Katika vipimo vinane vya awali vya ligi ya kubuni, kimoja kilikuwa idadi ya michezo ambayo mrushaji huhesabiwa kuwa ndiye mshindi. Lakini mrushaji hawezi kushinda ikiwa wenzake hawapati pointi. Mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York Mets aliruhusu wastani wa pointi 1.70 tu kwa kila awamu tisa, kiasi cha nadra sana. Lakini aliandikiwa ushindi mara 10 na kushindwa mara 9. Aliyesoma ushindi pekee angemwona mrushaji wa kawaida. Waliompigia kura ya tuzo ya Cy Young, ambayo hupewa mrushaji bora wa ligi, walisoma zaidi ya hapo, wakampa tuzo hiyo. Akaipata tena mwaka 2019.

Mwaka 2001 Voros McCracken alikwenda mbali zaidi. Alitenganisha matokeo ambayo walinzi wa uwanjani hawana mkono ndani yake, kama vile mpigaji kutolewa kwa kukosa mpira mara tatu, kupewa kituo bure, au kuupeleka mpira nje ya uzio, na matokeo ya mipira iliyobaki uwanjani. Alidai kwamba katika mipira hiyo iliyobaki warushaji wa ligi kuu hutofautiana kidogo sana, na kwamba tofauti nyingi zinazoonekana ni za walinzi na za bahati. Utafiti uliofuata ulipunguza ukali wa dai hilo, lakini kiini chake kimesimama. Mwenye timu mwenye busara humtazama mrushaji kwa yale yaliyo mikononi mwake kwanza.

Mahali nako kuna sehemu yake. Uwanja wa Coors Field wa mjini Denver, Colorado, uliofunguliwa mwaka 1995, uko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, upinzani wake kwa mpira ni mdogo, na mpira uliopigwa vizuri huenda mbali zaidi. Mpigaji anayehama kutoka Denver huacha nyuma sehemu ya tarakimu zake, ingawa mikono yake ni ile ile. Mwanafunzi wa fizikia ataona hapa kwamba jedwali la michezo linaweza kuwa jedwali la hali ya hewa pia.

Wako watakaopinga kwamba hoja hizi humdharau mchezaji, kwa sababu binadamu hubadilika: hujifunza, huumia, huzeeka. Upinzani huo una haki yake. Lakini badiliko la kweli kwa kawaida huwa na chanzo kinachoweza kutafutwa. Mrushaji amejifunza namna mpya ya kurusha, au bega lake linauma. Tangu mwaka 2015 viwanja vyote vya ligi kuu vya Marekani vimekuwa na mitambo inayopima kasi na pembe ya mpira uondokapo kwenye gongo. Mpira uliopigwa kwa nguvu ukadakwa ni habari njema kuhusu mpigaji, ingawa jedwali la zamani huuandika kuwa ni kushindwa. Mwenye kuamini kwamba mchezaji amebadilika na atafute chanzo cha namna hiyo. Asiridhike na wiki mbili za matokeo mazuri.

Mambo haya yangekuwa ya burudani tu kama makosa yenyewe yangeishia katika ligi za kubuni. Hayaishii huko. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia juu ya wakufunzi wa marubani wa jeshi la Israeli. Mkufunzi mmoja alishikilia kwamba sifa huharibu na makaripio hujenga, kwani kila aliyesifiwa kwa kuruka vizuri sana aliruka vibaya zaidi mara iliyofuata, na kila aliyekaripiwa alipata nafuu. Kahneman aliona kwamba yote mawili yangetokea hata kama mkufunzi angenyamaza. Aliyefanya vizuri kupita kiasi chake hurudi karibu na wastani wake, na aliyefanya vibaya kupita kiasi chake hurudi vivyo hivyo. Francis Galton alikwisha kuliandika jambo hili mwaka 1886, alipolinganisha vimo vya wazazi na vya watoto wao.

Walimu wa shule za sekondari hawana budi kulitafakari jambo hili kwa uzito. Mwanafunzi aliyepata alama ya chini kabisa katika jaribio moja yumkini atapanda kidogo katika jaribio lijalo, awe ameadhibiwa au hakuadhibiwa. Basi adhabu itapata sifa isiyostahili, na pongezi italaumiwa bila kosa. Shule ndogo yenye watahiniwa wachache itapanda na kushuka katika orodha ya matokeo mwaka hadi mwaka kuliko shule kubwa, kwa sababu ile ile iliyofanya mara 45 ziyumbe kuliko mara 500. Hata hivyo watu hutafuta wa kumpamba na wa kumlaani kila orodha inapotangazwa.

Kwa sababu hiyo, somo la takwimu lingefaa kufundishwa kwa mifano ya michezo mapema zaidi, na kwa uzito zaidi, kuliko ilivyozoeleka. Mwanafunzi anaweza kurusha sarafu mara 45, akaandika matokeo, akayalinganisha na ya wenzake darasani. Ataona kwa macho yake jinsi sarafu zilizo sawa zinavyozaa «mabingwa» na «wazembe». Kisha na apewe jedwali la wapigaji au la wafungaji wa magoli, aulizwe ni tofauti zipi zingeweza kutokea hata kwa sarafu. Zoezi hilo halihitaji mtambo wowote wa gharama.

Mchezaji anayeachwa katika ligi ya kubuni hapati hasara yoyote. Wala hana habari kwamba ameachwa. Mtoto anayeambiwa kwamba hana akili kwa sababu ya karatasi moja ya mtihani ana habari, na huibeba miaka mingi. Kabla ya kutamka hukumu ya namna hiyo, mwenye kuitamka na aulize kwanza: ni mara ngapi?