Siri Iliyomo Kilindini

Neno la Juma
Na Athumani Mbarouk

Mnamo tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi iliporejea katika bandari ya East London, Afrika Kusini, mtunzaji wa makumbusho ya mji ule, bibi kijana aitwaye Marjorie Courtenay-Latimer, alikwenda kutazama mavuvi kama ilivyokuwa ada yake, na katika rundo la papa na taa akaona pezi la buluu ambalo hakupata kuona mfano wake. Samaki mwenyewe alikuwa na urefu wa mita moja na nusu, magamba mazito yenye madoa meupe, na mapezi yaliyoota juu ya vikono vya nyama. Profesa J. L. B. Smith, aliyepelekewa mchoro kwa barua, alimtambua: alikuwa silikanti, ambaye wanachuoni wote walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba alitoweka duniani zama za dinosaria, miaka zaidi ya milioni 60 iliyopita, kwa kuwa visukuku vyake havikupatikana katika mawe ya umri mdogo kuliko huo.

Shauri lile halikuwa la kijinga, nami sipendi lichekwe. Lilijengwa juu ya ushahidi wote uliokuwapo. Kasoro yake ni kwamba kutoonekana kwa kitu kuligeuzwa kuwa dalili ya kutokuwapo kwake, hali bahari ina vilindi ambavyo jicho la binadamu lilikuwa bado halijafika. Smith alieneza matangazo ya zawadi ya pauni 100, akangoja miaka 14 hata alipopatikana wa pili, Desemba 1952, katika kisiwa cha Nzwani huko Komoro. Na huko ikadhihirika kwamba wavuvi walikuwa wakimpata mara kwa mara, wakimwita gombesa, wala hawakumthamini, maana nyama yake imejaa mafuta na haifai kwa kitoweo. Hapa ndipo fikira yangu husimama kila niikumbukapo habari hii. Mwanachuoni alijua thamani ya samaki asijue kuwa yu hai. Mvuvi alijua kuwa yu hai asijue thamani yake. Na kila mmoja, katika elimu yake, alikuwa mkweli.

Pwani yetu nayo ilikuwa na zamu yake. Silikanti alinaswa Malindi mwaka 2001, Kilwa mwaka 2003, na baada ya hapo Tanga ikawashangaza watu wote, kwani majarife yaliyotegwa kilindini kwa ajili ya papa yalianza kupandisha silikanti mmoja baada ya mwingine, hata ikaundwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Ni vizazi vingapi vya manahodha vilipita juu ya vilindi vile, kwa kusi na kwa kaskazi, bila ya kudhani kwamba chini yao mna kiumbe cha namna ile?

Na asidhani msomaji kwamba, kwa kuwa amepatikana, sasa anajulikana. Hans Fricke alipoteremka kwa nyambizi ndogo katika maji ya Komoro mwaka 1987, alimwona samaki huyu akisimama kwa kichwa, mkia juu, akitulia hivyo kwa muda. Sababu yake hubahatishwa tu mpaka leo. Kwa miaka mingi ilisadikiwa kuwa umri wake ni kama miaka 20, kisha mwaka 2021 wataalamu wa Ufaransa wakachunguza upya mistari ya magamba yake, wakasema huenda akaishi karne nzima na kubeba mimba miaka ipatayo mitano. Hesabu ilipinduka, na waliopinduliwa hawakuvunjiwa heshima kwa hilo.

Imepokewa kwamba Imamu Malik wa Madina, aliyefungiwa safari kutoka nchi za mbali, aliulizwa maswali mengi na akajibu mengi kati ya hayo kwamba hajui, na waliomsikia walizidi kumwamini. Sisi leo tumeiacha adabu hiyo. Mzazi akiulizwa na mwanawe asilolijua hubuni jawabu au hukaripia. Mhadhiri huona fedheha kunyamaza. Na mganga wa uwongo hustawi kwa sababu yeye hana swali lisilokuwa na jibu. Kuikubali siri si kuabudu ujinga wala kuacha kutafuta, kwani huyo Bibi Latimer hakuliacha lile pezi. Ni kukataa kuijaza nafasi tupu kwa dhana, na kustahamili kuiona tupu.

Kwa hiyo nawasihi waandishi wa vitabu vya shule waweke mwishoni mwa kila sura mambo ambayo sura hiyo haiwezi kuyajibu. Mtoto wa Tanga aelezwe kwamba silikanti huzaa watoto walio hai, kama ilivyothibitika kwa majike waliopasuliwa, lakini watoto hao ni nadra mno kuonekana baharini, na hapana mtu ajuaye wanakulia wapi. Kisha aelezwe kwamba mahali pa kuwatafuta huenda pakawa ndani ya upeo wa macho yake, katika maji ambayo baba yake huyavuka kwa dau kila usiku wa kutega.