Kibati: Jua ni la bure, lakini batri mbaya inakula pesa ya familia

Ukipanda kutoka Munigi hadi Kibati, kwenye barabara ya kitaifa namba 2 inayokwenda Rutshuru, nyumba za mbao zinazidi kuongezeka juu ya mawe meusi ya volkano. Wengi wa wenyeji wanashuka Goma kila asubuhi kutafuta maisha na kurudi jioni. Kiwanja hapa ni cha bei nafuu kuliko mjini, lakini giza linaingia mapema. Ndiyo maana pano za jua zinaonekana juu ya mabati mengi.

Familia hizo hazikukosea. Umeme wa bwawa la Matebe, lililozinduliwa mwaka 2015 huko Rutshuru, unafika Goma kwa nyaya zinazopita katika eneo ambalo vita haijaliacha. Januari 2025, mapigano yalipokaribia, nyaya zilikatika na sehemu kubwa ya mji ikabaki bila umeme wala maji. Kabla ya hapo, tarehe 22 Mei 2021, lava ya Nyiragongo ilikata barabara hiyohiyo na kuteketeza nyumba hadi Buhene. Mutu wa Kibati anayengoja nguzo ya umeme ifike mlangoni kwake anaweza kungoja sana. Na jua la hapa lina nguvu ya kutosha: huko Ndosho, kampuni Nuru ilifungua mwaka 2020 kituo cha jua cha megawati 1.3 ambacho kinauza umeme mjini.

Shida iko kwenye namna ya kununua. Familia nyingi zinaanza na pano kubwa kwa sababu ndiyo inayoonekana na majirani, halafu pesa inayobaki inanunua batri yoyote. Ingefaa kuanza upande mwingine: kuhesabu kazi ya usiku, kuchagua batri, na pano iwe ya mwisho.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ampuli tatu za wati 5 zikiwaka saa tano zinakula wati-saa 75. Simu mbili zinakula kama 20, na radio ya wati 5 kwa saa nne inakula 20 nyingine. Jumla ni 115. Pano ya kweli ya wati 50, siku ya jua la kawaida, inaweza kuleta hizo na kubakiza kidogo. Televisheni ikiingia, hesabu inaweza kuongezeka mara mbili au zaidi. Pasi na jiko la umeme visahauliwe kabisa; muuzaji anayeahidi kwamba kiti ndogo itaondoa makala jikoni anadanganya.

Udanganyifu wa pili uko kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya pano. Jua kali linamwaga kama wati 1,000 juu ya meta moja ya mraba, na pano nzuri inashika kama sehemu moja kwa tano tu. Kwa hiyo pano ya wati 100 haiwezi kuwa ndogo sana kuliko nusu ya meta ya mraba. Pano inayobebwa kwapani na imeandikwa wati 300 haihitaji fundi wa kuipima. Meta ya fundi nguo inatosha.

Lakini panapopotea pesa nyingi ni kwenye batri. Batri ya gari imetengenezwa kwa kuwasha moteri kwa nguvu ya sekunde chache, si kwa kuliwa polepole usiku kucha. Ikimalizwa kila usiku, inakufa baada ya miezi. Batri ya risasi iliyotengenezwa kwa ajili ya jua nayo haipaswi kumalizwa zaidi ya nusu, na inahitaji regilatere ya kuilinda. Batri ya lithium ni ghali zaidi, lakini inadumu miaka na ni nyepesi.

Wepesi huo si jambo dogo Kibati. Mwaka 2008 hapa palijaa kambi za waliokimbia vita, na tangu 2022 Kanyaruchinya jirani ilipokea maelfu wengine. Kuna wanaosema kwamba mwenye kuishi kati ya volkano na vita hapaswi kuweka pesa juu ya nyumba. Hofu yao ina sababu. Lakini nguzo ya umeme haikimbii na mutu, na pano inaweza. Fundi aifunge kwa bulo zinazofunguka kwa ufunguo mmoja, isipigiliwe misumari, na batri ikae karibu na mlango. Iinamishwe kidogo ili mvua ioshe vumbi na majivu.

Jambo la mwisho haliwezi kufanywa na familia moja. Mnunuzi mmoja akirudi dukani na batri iliyokufa, anaambiwa hakujua kuitumia. Wanunuzi ishirini wa likelemba moja wakienda pamoja, wanaweza kudai garanti ya mwaka mmoja kwa maandishi, na kumlipa fundi baada ya mfumo kufanya kazi majuma mawili. Benki za Goma zilipofungwa mwanzoni mwa 2025, likelemba na AVEC zilibaki kati ya mahali pa kukusanyia pesa. Zitumike pia kununua kwa akili. Machifu wa Bukumu, kwa upande wao, wangeweza kumtaka kila muuzaji anayepanda Kibati aache jina na anwani yake ofisini.

Mama anayeuza ndizi kwa miezi mingi ili watoto wake wasomee chini ya ampuli hapaswi kurudi kwenye mshumaa kabla ya mwaka wa shule kwisha. Afadhali ampuli tatu zinazowaka mwaka wa tatu kuliko televisheni iliyozimika mwezi wa nne.