Tuangalie kaye ya Kiingereza

Watoto wetu wengi hapa Lubumbashi wanaandika Kiingereza huku wakifikiri kwa Kifaransa, na hapo ndipo pointi zinapotea. Hata sisi tusiojua Kiingereza tunaweza kuwasaidia kwa mambo mawili.

Kwanza, majina ya pekee, kama ya mtu au mji, yanaanza na herufi kubwa. Kifaransa kinaandika siku na miezi kwa herufi ndogo: lundi, janvier. Kiingereza kinataka kubwa: Monday, January.

Pili, kuna majina yanayohesabika na yasiyohesabika. Sokoni hatuhesabu unga wenyewe, tunahesabu mifuko. Kiingereza ni hivyo hivyo: two bags of flour. Mtego uko kwa mashauri na habari. Kifaransa kinatia s: conseils, informations. Kiingereza hakitii: advice, information.

Sisi tunaovuka Kasumbalesa kununua vitu Zambia tunajua faida ya lugha hiyo. Basi leo jioni, kisha kula bukari, tuombe kaye. Tuanze na siku na miezi. Mtoto aonyeshe, mama ahakikishe.