Usiniambie uko na king'ora kama modemu yako inalala na stima

Wacha niseme hivi, na wa kukasirika wakasirike: nyumba nyingi hapa Nairobi zenye kibandiko cha king'ora dirishani hazina ulinzi wowote. Ziko na kelele tu. King'ora cha siku hizi kinanunuliwa ndiyo kikufikie kwa simu ukiwa kazini Westlands ama ushago Desemba, na ile habari ya kukufikia inapitia modemu ya nyumbani. Sasa niulize, nani amewahi kuuliza modemu yenyewe inakula wapi?

Hebu funua kile kisanduku cha king'ora ukutani. Ndani kuna betri. Aliyekitengeneza alijua stima itapotea, ama itazimwa na mtu mwenye nia yake, kwa hivyo akakiwekea chakula cha akiba. Modemu yako haina. Imechomekwa kwa soketi, kwisha. Waya wa faiba wenyewe ni kioo, unabeba mwanga na hauna haja ya stima kutoka kwako, lakini kile kidude cha mwisho kinachogeuza huo mwanga kuwa intaneti kinahitaji. Stima ikienda, king'ora kiko macho, kinaona mlango unafunguliwa, lakini kimekatwa ulimi.

Na wezi si wajinga jameni. Kwa plot nyingi mita na swichi ziko pale chini kwa ngazi, wazi kabisa. Mtu anashusha swichi ya nyumba yako, anangoja dakika mbili aone kama kuna anayetoka, halafu anapanda. Wala hahitaji mwizi hodari. Ijumaa usiku ya Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia giza, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Usiku kama huo ndio ungependa king'ora kiongee zaidi, na ndio modemu zote zilikuwa zimezima isipokuwa za wachache wenye betri.

Kuna mama fundi wa nguo hapa mtaani kwetu, yeye anaishi nyuma ya duka lake. Alienda matanga Kitui siku tatu. Ujumbe wa "mlango wa mbele umefunguliwa" ulimfikia saa tatu asubuhi, stima iliporudi. Mlango ulikuwa umefunguliwa saa nane usiku. Cherehani mbili, moja ya overlock, na vitambaa vya wateja vya harusi. King'ora kililia, ndiyo, majirani walisikia, lakini hapa kwetu vya magari vinalia kila usiku, nani atatoka? Alipopigia kampuni ya king'ora akaambiwa shida ni ya intaneti. Akapigia wa intaneti, akaambiwa laini yake haikuwa na hitilafu yoyote. Na wote wawili walisema ukweli! Hapo ndipo hasira yangu iko.

Kwa sababu kijana wa faiba analipwa akiunganisha nyumba. Fundi wa king'ora analipwa akifunga vihisi milangoni. Hakuna anayelipwa kuhakikisha hivi viwili vinaongea. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina karatasi ya uhandisi, lakini kazi yangu yote iko kwa intaneti na nimefunga modemu za watu kadhaa, na nawaambia hii si sayansi ya roketi. Ni kazi ya nusu saa ambayo kila mmoja anamwachia mwenzake.

Chukua hii ya kubadilisha kampuni ya intaneti. Mwenye nyumba anaingia mkataba mpya, mnaletewa modemu mpya, jina jipya la Wi-Fi, paswadi mpya. Simu unaibadilisha hapo hapo, runinga pia. King'ora hakuna anayekikumbuka, kinabaki kikitafuta modemu ya zamani kama mtoto aliyepotea Gikomba. Dawa yake haina gharama: ipe modemu mpya jina na paswadi zile zile za zamani, herufi kwa herufi. Kikikataa bado, angalia mawimbi. Visanduku vingi vya bei ya kawaida vinasikia gigahezi 2.4 peke yake, na modemu za sasa zinatoa 2.4 na 5 chini ya jina moja. Ingia kwa mipangilio uyatenganishe, ukipe king'ora ile ya 2.4. Na kama umeweka usalama wa WPA3 pekee, rudisha WPA2, vidude vya zamani havielewi hiyo lugha mpya.

Halafu kuna hii yetu ya kulipa intaneti kwa mwezi. Siku zikiisha, inakatwa. Wewe uko safarini, unatumia bando la simu, hata hujui ya nyumbani imeisha. Unalala fofofo ukidhani nyumba inakuchunga.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: king'ora kinachotegemea Wi-Fi peke yake kisiuzwe kama ulinzi. Kiwe na nafasi ya laini ya simu, na laini iwe ndani, na iwe na salio, na itumike mara kwa mara maana laini ikikaa bure muda mrefu inafungwa. Modemu nayo iwekewe betri yake ndogo. Modemu ya kawaida inakula kama wati 10, na betri ya wati-saa 37, zile ndogo zinazotoshea kwa kiganja, itaisukuma karibu saa tatu. Angalia tu volti zilingane, nyingi ni 12, na ncha ya waya iingie.

Na fundi asiondoke kabla ya jaribio. Mwambie asimame hapo, shusha swichi kuu, toka nje na simu yako ukiwa umezima Wi-Fi, fungua mlango. Ujumbe ukifika, mlipe. Usipofika, ni kazi bado. Wengine watakuambia hiyo si kazi yao, eti pigia wale wengine. Wapigie wakiwa wote wawili hapo hapo, sauti iwe juu kila mtu asikie.

Yetu tunaijaribu Jumamosi hii saa nne asubuhi. Majirani nishawaambia wasishtuke.