Mchezo ambao haukuchezwa si sifuri: acheni kuzamisha timu za wahamishwa

Ndugu wasikilizaji wa Kasapa, na ninyi familia mliofika kwetu kwa kukimbia vita, leo tuseme wazi jambo moja: kuna timu zinashindwa uwanjani, na kuna timu zinashindishwa ndani ya ordinatere. Hii ya pili ndiyo tunaikataa.

Mnajua namna inavyopita kwenye mashindano yetu ya mitaa. Vijana wa mtaa wanaanza kucheza. Nyuma ya majuma kadhaa, vijana wahamishwa wanapata jezi, wanapokelewa, wanaingia mashindano yakiwa yamekwisha kuanza. Ni vizuri, tunapiga makofi. Lakini mwenye kushika tablo ya Excel anaona visanduku vitupu vya siku zile hawakuwa bado hapa, na anavijaza na sifuri ili tablo ionekane safi. Kisha anaandika MOYENNE, anabonyeza, na timu inaanguka chini.

Tufanye hesabu pamoja, hata wewe unayesikiliza bila kalamu. Timu ya wenyeji imecheza michezo 10, ina pointi 17. Wastani wake ni 1,7. Timu ya wahamishwa imecheza 6: imeshinda 4, imeshindwa 2. Hizo ni pointi 12, wastani 2. Basi wao ndio wako mbele. Lakini ukiwawekea sifuri nne za siku ambazo hawakuwa hapa, unagawanya 12 kwa 10, unapata 1,2. Hakuna aliyewafunga goli hata moja katika siku hizo nne, na tayari wako nyuma.

Tusisingizie mashine. MOYENNE inaruka kisanduku kitupu, haikihesabu. Ukiandika ndani yake alama ya mstari au neno, inakiruka pia. Lakini ukiandika 0, inakihesabu, kwa sababu umeiambia kwamba timu ilicheza na haikupata kitu. Sifuri ya kushindwa ni ya kweli, kila timu ibebe yake. Sifuri ya kutokuwepo ni uongo, na mtu ndiye anauandika kwa kidole chake.

Wengine watasema: hayo ni mambo madogo ya mitaa. Hapana. Wakubwa wa mpira wenyewe walikutana nayo, na sisi Wakongomani tulikuwa ndani. Katika kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia 2026, Eritrea ilijiondoa mwaka 2023 bila kucheza hata mchezo mmoja. Kundi lake, lenye Moroko, Niger, Tanzania, Zambia na Kongo-Brazzaville, likabaki na timu tano, wakati makundi mengine yana sita. Sasa, namna gani ulinganishe timu za pili za makundi yote? Hawakuiwekea Niger sifuri mbili. Waliondoa kwa kila mtu matokeo ya michezo dhidi ya timu ya mwisho wa kundi, ili wote wapimwe kwa michezo 8. Léopards wetu walitoka pointi 22 wakabaki na 16, na walipita. Burkina Faso ilikuwa na 21 na Nigeria 17. Baada ya kuondoa, zote zikawa na 15, na Nigeria ikapita kwa tofauti ya magoli. Kule Rabat, Novemba 2025, Léopards waliitoa Kamerun, kisha Nigeria hiyohiyo kwa penalti. Mnaona? Namna ya kuhesabu ndiyo ilichagua nani tukutane naye.

Ufaransa pia, ugonjwa wa Covid uliposimamisha Ligue 1 mwaka 2020, waligawanya pointi kwa michezo iliyochezwa kweli. PSG na Strasbourg walikuwa na michezo 27, wengine 28. Hakuna aliyewaandikia sifuri kwa mchezo uliokosekana.

Kuna neno moja la haki upande wa pili, tulisikilize. Wanasema: timu ikicheza mara moja tu na kushinda, wastani wake ni 3, basi itakuwa bingwa? Hapana. Dawa yake ni kuweka kiasi: kwa mfano, asiyecheza nusu ya michezo hawekwi katika mstari wa ubingwa. Lakini sharti hilo liandikwe mbele ya mchezo wa kwanza na lisomwe mbele ya makapteni wote. Likiletwa siku ya mwisho, linakuwa mtego.

Na tena, msichukue wastani wa wastani. Timu imepata 3 kwa michezo 2 ya kwanza, kisha 1 kwa michezo 8 iliyofuata. Mwenye haraka atasema 2. Kweli ni pointi 14 kwa michezo 10, yaani 1,4. Hapo hata wenyeji wanadanganywa.

Basi tunaomba mambo matatu kwa kila kamati ya mashindano hapa kwetu. Kisanduku cha mchezo usiochezwa kibaki kitupu. Tablo iwe na mstari wa idadi ya michezo pembeni ya pointi, ili hata mama asiyejua ordinatere aweze kugawanya mwenyewe. Na ibandikwe uwanjani kila juma, isikae katika simu ya mtu mmoja.

Kijana aliyeacha nyumba, shule na marafiki amekwisha kupoteza siku nyingi za maisha yake. Tusimwandikie siku hizo tena kama makosa yake. Akishindwa, ashindwe na miguu ya wenzake.