Nataka Kula, Si Kura
Hapa Masaka niliiambia simu yangu "nataka kula". Ikaandika "nataka kura". Wenzangu wakacheka, eti nagombea ubunge, na mmoja akanishauri nirekebishe ulimi kwanza. Nakataa.

Kinyarwanda hakitofautishi maana kwa r na l, ndiyo maana hutuponyoka. Mwalimu akinisahihisha darasani nashukuru. Lakini muuza mihogo sokoni hunielewa mara moja, kwa kuwa amesikia watu wa kila aina. Mashine hujua sauti ilizolishwa tu. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford walipima mifumo ya kampuni 5 kubwa za Marekani: kwa wastani Wamarekani weusi walikosewa maneno 35 kwa kila 100, weupe 19. Na hao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa! Nao warekebishe ulimi?

Wapo watakaosema tunaharibu Kiswahili sanifu. Hapana. Mashine iandike sanifu, ila isikie watu.

Dawa tunayo hapahapa Kigali. Digital Umuganda na watu wa kujitolea walichanga sauti zao kwenye Common Voice, Kinyarwanda kikapata zaidi ya saa 2,000 za rekodi. Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Sauti zetu za Kiswahili ziko wapi? Idara itupe saa moja tu kwa wiki tusome sentensi kwa lafudhi zetu, wa Goma kwa yake, wa Unguja kwa yake. Mimi nitaanza na "nataka kula".